Herufi K kwenye Daftari la Baba

Siku mbili baada ya kuambiwa nina kansa ya titi, niliketishwa mbele ya muuguzi ambaye hakuniuliza lolote kuhusu titi. Aliniuliza kuhusu ukoo.

Alikuwa Sista Akoth wa kliniki ya kansa, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alichukua karatasi nyeupe, akachora duara katikati na kulijaza wino. "Huyu ni wewe," akasema. "Wanawake ni maduara, wanaume ni miraba. Sasa tupande juu. Mama?"

"Alifariki miaka sita iliyopita. Presha."

"Baba?"

"Yuko. Ana miaka sabini na hata mafua hayamshiki."

"Na mama yake baba?"

"Alirogwa."

Nilisema hivyo kwa sauti ileile niliyotumia kusema presha. Nina miaka arobaini na moja, mimi ni mwalimu wa udereva, naenda kanisani kila Jumapili, na neno hilo lilinitoka bila kubisha hodi. Sista hakucheka. Hakuandika pia. Aliuliza tu, "Alipokuwa akiumwa, aliumwa wapi?"

"Kifuani."

"Kifua cha kukohoa, au titi?"

Sikujua. Lakini nilijua kuhusu Shangazi Kanini, dada mdogo wa Baba, kwa sababu nilikuwa darasa la sita alipoletwa kwetu Buruburu kufa. Alijifunga leso mbili kifuani hata wakati wa joto. Siku moja nilifungua mlango bila kubisha, nikamkuta Mama akimwosha, na nilichokiona sikukisema kwa mtu yeyote mpaka siku ile mbele ya Sista.

"Titi," nikasema. "Kanini ilikuwa titi. Na dada yake, Shangazi Mbithe, nadhani pia."

"Walikuwa na miaka mingapi?"

"Hawakufika arobaini na tano."

Sista akachora maduara mawili zaidi. "Nenda uongee na baba yako," akasema. "Kuna kipimo cha jeni. Unatema mate kwenye kichupa, basi. Hospitali ina mpango unaokilipia kwa watu wenye ukoo kama wako. Lakini nataka nijaze hii karatasi vizuri."

Nimeona niandike yaliyofuata kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani amepewa kichupa kama hicho na anaogopa kukitemea. Sitaeleza mambo ya maabara, siyajui. Nitaeleza yaliyotokea nyumbani kwetu.

Uvimbe niliupata mwezi wa pili, katika jua kali. Kazini huketi kiti cha kushoto, penye breki ya mwalimu, na mkanda wa gari ulikuwa unanibana chini ya titi la kulia. Nikadhani ni mkanda. Nikaurefusha. Wiki tatu baadaye nikauvua kabisa, na kitu kile kilikuwa bado kipo. Kufikia mvua za masika zilipoanza kufurika barabara za Umoja, tunakoishi mimi, mume wangu Wafula na binti yetu Mueni, nilikuwa na jina la ugonjwa na ratiba ya dozi nane za kemo.

Lakini kwanza nilikwenda kwa Baba.

Baba alikuwa karani wa baraza la jiji kwa miaka thelathini na mbili. Nyumba yake ya Buruburu ina kabati la faili. Huniita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu mimi ndiye Nduku niliyepewa jina la mama yake. Nilipomweleza ninachotakiwa kuuliza, aliweka kikombe chini.

"Mwaitu, unataka mambo ya nyumba yangu yaandikwe kwenye karatasi ya hospitali?"

"Nataka kupona, Baba."

Kisha akaenda kwenye kabati na kurudi na daftari gumu jeusi. Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, sababu. Ukoo mzima ulikuwa mle. Ajali. Malaria. Uzee. Presha. Kwa wanawake watatu, mama yake na dada zake wawili, safu ya sababu ilikuwa na herufi moja tu: K.

Nilipiga picha kwa simu. Nilipomwonyesha Sista, uso wake ulichangamka. "Baba yako alijua! K, kansa."

"Hapana, Sista," nikasema. "K ni Kalondu."

Kalondu ni mke wa pili wa babu yangu. Babu alikuwa mchonga vinyago. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Nyanya Nduku, mwenye watoto watatu: Baba, Mbithe na Kanini. Nyanya alikufa Baba akiwa na miaka kumi na mitano. Miaka ikapita, Mbithe akafuata. Kisha Kanini. Na katika miaka hiyo yote nyumba ya Kalondu haikupata hata kikohozi. Kwa watu wetu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Anayemaliza nyumba ya mwenzake ni yule ambaye yake inasitawi.

Katika mazishi ya Kanini, mbele ya kaburi, Baba alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Anayemaliza nyumba hii tuko naye hapa, na amevaa leso ya kijani." Watu waligeuka wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mama. Nilimwona Kalondu akiinama, akachukua mkoba wake na kuondoka peke yake, na hakuna aliyemsindikiza isipokuwa mwanawe Musyoka. Ilikuwa miaka ishirini na tisa iliyopita. Baadaye Musyoka alijenga Njiru na kumleta mama yake huko. Kutoka kwa Baba hadi pale si mbali, lakini hatukuwahi kwenda. Baba akimwona Musyoka sokoni alivuka barabara.

Nilitema mate kwenye kichupa siku ya Jumanne. Ni kazi kubwa kuliko unavyodhani, kinywa hukauka. Sista alinishauri nifikirie limau, nikafikiria limau na pilipili na ndimu, mpaka mate yakafika kwenye mstari wa kichupa. Kichupa kikaenda zake, mimi nikaenda kwenye dripu.

Dozi ya kwanza haikunifanya kitu, nikajigamba. Ya pili ilinivua nywele katika siku mbili. Wafula alinimalizia kwa mashine yake ya kunyolea ndevu, akiwa amesimama nyuma yangu ili nisimwone uso. Ya tatu ilinigeuza kucha kuwa nyeusi, na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya sarafu. Chumba cha dripu kina viti kumi na viwili, na nilijifunza haraka kwamba kila kiti kina mwenyewe. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Mukuru kwa Reuben, mpakizi wa kiwanda cha biskuti. Ndiye aliyenifundisha kumumunya barafu dawa nyekundu ikiingia, ili kinywa kisitoke vidonda. Hakuna daktari aliyeniambia hilo. Mwanamke yule aliniokoa na njaa ya miezi mitatu kwa vipande vya barafu kwenye chupa ya chai.

Watu husema kusubiri majibu ni kama kusubiri hukumu. Kwangu ulikuwa uvivu mzito. Nilishindwa kukunja nguo. Wafula, ambaye ni Mluhya wa Kakamega na hushughulika anapoogopa, alisugua sufuria zetu zote mpaka zikang'aa, kisha akaanza kusugua za mama wa jirani.

Majibu yalikuja mwezi wa sita, siku ya dozi ya nne. Sista alinitoa kwenye foleni na kufunga mlango.

"Limepatikana," akasema. "Kuna badiliko kwenye jeni moja. Umezaliwa nalo. Ndilo lililoifungulia mlango hii kansa, na linaweza kuufungulia tena, kwa titi la pili au kwa ovari. Ndugu yako wa tumbo moja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nalo. Binti yako vilevile, lakini yeye tutamwacha akue, achague mwenyewe."

"Limetoka wapi?"

"Nikiitazama karatasi yako, ni kwa baba. Wanaume hulibeba na mara nyingi hawaumwi. Hulipitisha tu."

Nilikuwa na maswali mengi, lakini lililotoka lilikuwa hili: "Sista, mke wa pili wa babu. Watoto wake wanaweza kuwa nalo?"

Alifuata mistari kwa kalamu. "Lilitoka kwa nyanya yako. Yeye na huyo mke wa pili hawana damu moja. Nyumba ile haingeguswa."

Nyumba ile haingeguswa. Nililia dripu nzima, na jirani yangu wa Mukuru akadhani nimepewa habari mbaya. Nilishindwa kumweleza kwamba namlilia mwanamke mwingine, aliyevaa leso ya kijani.

Nilimweleza Baba mwezi wa saba, katika ile baridi ya manyunyu. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Mdogo wangu wa kike, Katunge, alikuwepo. Ana miaka thelathini na tatu, anauza viatu mtandaoni, na huzungumza Sheng hata na mchungaji. Nilieleza taratibu, kwa karatasi, maduara na miraba.

Baba alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo ni mimi niliyekupa."

"Ilipitia kwako, Baba. Hukuichagua."

"Na mimi ilinipita tu? Sabini, na sina hata kidonda?"

"Ndivyo ilivyo."

Kisha akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu utotoni. "Na Kalondu?"

Nilisogeza karatasi na kumwonyesha mstari ulivyokwenda, kutoka duara la mama yake hadi mraba wake hadi duara langu, na duara la Kalondu likiwa pembeni, jeupe.

"Hiyo ni yako," akasema hatimaye. "Inasema kuhusu wewe. Mimi ni karani. Kabla sijafuta kitu, nataka karatasi yenye jina langu."

Wiki iliyofuata Baba aliingia kliniki akiwa na tai, akatema mate kwenye kichupa mbele ya foleni ya wanawake, na kumwomba Sista stakabadhi.

Katunge alikataa. "Dada, mimi sitaki kujua," aliniambia nje ya geti. "Nikijua, itabidi niishi nayo. Saa hii niko poa. Niache nikae poa."

"Na kama iko?"

"Basi itanipata nikiwa na furaha."

Nilikasirika. Wiki tatu hatukuzungumza. Niliandika pia kwenye kundi la simu la ukoo, nikiwaeleza watoto watano wa shangazi zangu, watu wazima wote sasa, kwamba na wao wapimwe. Nilijibiwa kwa mikono ya sala. Binti mkubwa wa Shangazi Mbithe akaandika, "Hayo mambo ya damu ya mama tulishayaombea," na kutoka kwenye kundi.

Majibu ya Baba yalirudi mwezi wa nane. Alikuwa nalo. Aliisoma karatasi mara mbili, akaitia kwenye faili mpya na kuandika kichwa kwa herufi kubwa. Kisha akasema, "Mwaitu, kesho nisindikize Njiru."

Kalondu alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki akichambua kunde. Ana miaka themanini na moja. Alitutambua kabla hatujafika, nilijua kwa jinsi mikono yake ilivyosimama. Musyoka alitoka jikoni, akabaki mlangoni.

"Wakya," Kalondu akasema. Ni salamu ya mkubwa kwa mdogo, na mdogo hana budi kuitika. Kwa miaka ishirini na tisa Baba hakuwa ameitika.

"Aa," Baba akaitika.

Akafungua faili. Akaanza kusoma kama anasoma kumbukumbu za mkutano: tarehe ya kutoa mate, tarehe ya majibu. Kalondu akainua mkono.

"Mutiso, mimi sijui kusoma hiyo. Sema kwa mdomo."

Baba akafunga faili. Bila karatasi mikono yake haikujua pa kukaa. "Ugonjwa ulikuwa wa mama," akasema. "Mama akatupa sisi. Mimi nikampa huyu Nduku. Wewe hukuwa na mkono hapo. Nilikusingizia."

Bibi yule alirudi kwenye kunde zake. Akatoa jani bovu, akalitupa. "Unajua nani alimwosha mama yako, miezi yake ya mwisho?" akauliza. "Wewe ulikuwa shule. Baba yako alishindwa na harufu. Lilikuwa titi la kushoto. Nilikuwa nachemsha maji na chumvi asubuhi na jioni. Ningemroga mtu halafu nikamwoshe kidonda?"

Baba akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamwagika kwenye tai.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini si leo." Akamtazama moja kwa moja. "Uliniua mbele ya watu, Mutiso. Unanifufua nyuma ya nyumba?"

Kisha akanigeukia, akanipa mkono, akanivuta karibu na kunipapasa kichwa chini ya kitambaa, pale palipokuwa na upara. "Na wewe, Nduku, unakula?" Nilimwambia vyakula vyote vina ladha ya sarafu. Tangu wiki ile, kila siku ya dozi, Musyoka alinipitia na chupa ya uji wa wimbi wenye ukwaju. Uji ule ndio chakula cha kwanza kilichonirudishia ulimi wangu. Nikaanza kumwita Susu, nyanya, bila mtu kuniambia.

Kemo iliisha mwezi wa tisa. Kisha ukaja uamuzi. Titi la kulia lilikuwa liondoke kwa vyovyote vile. La kushoto lilikuwa zima, na daktari aliniachia nichague. Wafula na mimi tuligombana kwa mara ya kwanza tangu niugue.

"Hilo halijakosa kitu, Mama Mueni," alisema. "Kwa nini tulikate?"

"Tulikate? Wewe unakata nini?"

Alitoka nje, akarudi baada ya saa nzima. "Naogopa usinizoee tena," akasema. "Naogopa ujifiche." Nikamwambia ninachoogopa mimi ni kurudi kwenye kile kiti cha dripu. Nikamwambia Kanini alipewa mwaka mmoja tu, na mimi nina karatasi ambayo yeye hakuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alinipeleka mwenyewe kutia sahihi.

Nilifanyiwa operesheni mwezi wa kumi, jakaranda zikimwaga maua kwenye uwanja wa hospitali. Niliamka na kifua bapa, na chupa nne za plastiki zikining'inia kwa mirija, zikivuta majimaji. Nilidhani nitalia. Badala yake nilipumua, pumzi ndefu hadi tumboni, na nikagundua kwamba tangu mwezi wa pili nilikuwa napumua nusu nusu. Mara ya kwanza kujitazama kwenye kioo nilikuwa na Mueni. Binti yangu wa miaka kumi na minne alitazama mishono yote miwili, akasema, "Ni kama umefunga zipu, Mum." Tukacheka mpaka mishono ikauma.

Aliyekuja kunimwagia zile chupa kila jioni alikuwa Katunge. Alikuja bila kusema samahani, akavaa glavu, akapima majimaji na kuandika. Siku ya tisa, akiwa amenipa mgongo kwenye sinki, alisema, "Ule mama wa kichupa huwa anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Sawa. Usiseme kitu."

Sikusema kitu. Majibu yake yalikuja mwisho wa mwaka: alikuwa nalo. Wakampiga skani, na kwenye titi lake la kushoto wakaona kidoa kidogo sana ambacho hakuna mkono ungekigusa. Walikitoa mwezi wa kwanza. Ilikuwa kansa, ndiyo, lakini ilikuwa haijaenda popote. Alipozinduka aliniuliza, "Form ni gani?" yaani mambo yakoje. Nikamwambia wameipata ikiwa bado imelala. Alifunga macho, akasema, "Basi isiamshwe," na akalala tena. Mdogo wangu hakuhitaji dozi hata moja ya ile dawa nyekundu. Ningepitia zangu nane tena kwa ajili ya sentensi hiyo.

Nilimaliza mionzi mwezi wa pili, mwaka mmoja kamili tangu ule mkanda wa gari. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekakamaa, na kwa mwalimu wa udereva huo ndio mkono wa kunyakua usukani. Niliutambaza ukutani kila siku, vidole vikipanda kama mende, mpaka ukafika juu. Wiki niliyorudi kazini, mwanafunzi wangu wa kwanza nusura atupeleke mtaroni. Nilinyakua usukani. Mkono ulitii. Nilipiga kelele ya furaha, na yule kijana akadhani namgombeza.

Baba aliandaa ibada ya shukrani nyumbani kwake. Watu walijaa hadi barabarani chini ya mahema mawili: kanisa, majirani, Wafula na ndugu zake kutoka Kakamega, na watoto wote watano wa shangazi zangu, ambao Baba aliwapigia simu mmoja mmoja kama mjomba wao. Baada ya maombi alisimama. Katika safu ya mbele, amevaa nguo ya bluu, alikuwa Susu Kalondu. Wengine walikuwa wamemwona na viti vya karibu naye vilikuwa vitupu.

"Mnanijua kuwa mtu wa rekodi," Baba alisema. "Leo nasahihisha rekodi yangu." Akainua daftari jeusi. Akaeleza yote, kuanzia herufi ile hadi mazishi ya Kanini, na maneno aliyoyasema pale kaburini aliyarudia neno kwa neno. "Ulikuwa uongo. Nilikuwa na uchungu, nikamtafuta mtu wa kuubeba. Mama huyu alimwosha mama yangu. Nimembebesha miaka ishirini na tisa." Kisha akawageukia wapwa zake. "Na ninyi mliniamini mimi, mkaacha kwenda hospitali. Kama nilivyowafundisha uongo, leo nawafundisha ukweli. Jumatatu nawapeleka mwenyewe."

Susu aliinuka kwa fimbo yake. Tulingoja hotuba. "Nimesikia," akasema. "Nimekusamehe, Mutiso. Sasa nani atanisaidia kukaa?" Na binti mkubwa wa Shangazi Mbithe, yule aliyetoka kwenye kundi, ndiye aliyeruka kwanza. Alimshika, akamkalisha, na akabaki amepiga magoti pale miguuni pake akilia, mpaka Susu akampa leso ajifute.

Tangu siku hiyo nimetolewa ovari pia. Joto hunipanda usoni bila taarifa, hata kwenye baridi ya mwezi wa saba, na wanafunzi wangu wamezoea kuona madirisha yakishushwa. Vipimo vyangu vya mwisho vilikuwa safi. Vya Katunge pia. Kati ya watoto watano wa shangazi zangu, wawili walipatikana nalo. Wote wawili wanachunguzwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Watatu hawana, na pamoja nao watoto wao wote wamepona jambo ambalo hawakuwahi kuugua.

Lakini nataka kumalizia na Jumatatu ile, kwa ajili yako unayeogopa.

Tulijaza benchi zima la kliniki: wale watano, Baba na tai yake, Katunge, mimi, na Susu Kalondu, ambaye alimlazimisha Musyoka amlete. Tulipiga kelele. Mtu alileta mahamri. Mlinzi alikuja mara mbili kutuomba tupunguze sauti. Sista Akoth alifungua mlango na kuuliza nani anaanza, na kabla mtu hajajibu Susu alikuwa ameshasimama.

"Mimi."

"Nyanya, wewe huhitaji," Sista akamweleza kwa upole. "Jeni hii haihusu damu yako."

"Miaka ishirini na tisa wamenihusisha bila kunipima," Susu akasema. "Leo nipimwe."

Sista alinitazama, nikainua mabega. Basi akamkalisha, akamfunga kitambaa cha presha kwenye mkono, akajaza upepo na kusikiliza. Akaandika kwenye karatasi, akagonga mhuri na kumkabidhi. "Safi, nyanya. Safi kabisa."

Susu aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Kisha akairudisha.

"Sijui kusoma," akasema. "Simama pale mlangoni, uwasomee wote. Kwa sauti."

Sista Akoth akasimama mlangoni, akasoma.